Vitamini na afya ya akili ya wazee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama amekuwa mkimya, babu anarudia swali lile lile mara tano kwa asubuhi moja, duka la dawa limetoa kopo la vitamini, na nyumbani wanataka kujua kama kopo hilo lina kazi. Majibu haya ni kwa ajili ya wanaowatunza wazee, na kwa wazee wenyewe wanaopenda kujua wanachomeza. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima mwenye figo nzuri. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa nyingi kwa pamoja, dozi yake ipangwe na anayemtibu.

Vitamini zinatibu sonona (ugonjwa wa huzuni isiyoisha) na usahaulifu wa uzeeni?

Zinatibu upungufu wa vitamini, basi. Mzee ambaye huzuni au usahaulifu wake umeletwa na upungufu anaweza kupata nafuu kubwa akirudishiwa kilichopungua. Asiye na upungufu anameza kidonge kisicho na cha kurekebisha. Kabla ya kuuliza apewe vitamini gani, uliza amepungukiwa na nini, na kwa sababu gani.

Ni kweli kwamba wazee wengi wenye sonona wakipimwa hukutwa na vitamini D au foliki (vitamini B9) kidogo kuliko wenzao. Lakini angalia kipi kilianza. Mtu mwenye sonona hatoki nje kuota jua, anaonja tu chakula na kusukuma sahani, anaruka mlo wa jioni. Mara nyingi vitamini zimepungua kwa sababu ya sonona. Ndiyo maana kumrudishia vitamini peke yake hakumrudishii furaha.

Ni vitamini zipi hasa zinazogusa akili zikipungua?

B12 ndiyo inayoongoza kwa wazee, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa. Foliki inafuata, kwa kuwa zinafanya kazi pamoja. B1 hupungua kwa wanywaji wa pombe na kwa wanaotapika au wasiokula kwa wiki kadhaa. B3 hupungua kwa wanaoishi kwa mahindi matupu. B6 huondolewa na baadhi ya dawa, hasa isoniazidi ya kifua kikuu. Vitamini D inatajwa sana, lakini ushahidi wake upande wa akili ni dhaifu. Nguvu yake iko kwenye mifupa na misuli.

Mzee wetu anakula nyama na mayai. Itakuwaje apungukiwe na B12?

Kula ni hatua ya kwanza tu. B12 kwenye nyama imeshikana na protini, na asidi ya tumboni ndiyo inayoitoa hapo. Baada ya hapo inabebwa na protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, kisha inafyonzwa sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mwembamba. Kiungo kimoja kikilegea kwenye safari hiyo, chakula kinapita na B12 yake.

Uzeeni ukuta wa tumbo hukonda na asidi hupungua. Halafu zinaongezeka dawa mbili zilizojaa kwenye vikapu vya wazee wetu. Ya kwanza ni metformini ya kisukari, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa B12. Kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyosonga, ndivyo hatari inavyokua. Ya pili ni omeprazoli na ndugu zake, dawa za vidonda vya tumbo zinazozima asidi. Omeprazoli iliandikwa kwa wiki chache, lakini mzee alipoona kiungulia kimetulia akaendelea kujinunulia mwenyewe, na sasa ni mwaka wa sita. Mzee anayetumia zote mbili ana sababu ya kutosha ya kupimwa B12 hata kama hajisikii chochote.

Wapo pia waliokatwa sehemu ya tumbo au utumbo, na wale ambao kinga ya mwili imeshambulia tumbo lenyewe hadi protini ile ya kubeba B12 haitengenezwi tena.

Ini huhifadhi akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Kwa hiyo tatizo lililoanza zamani linaonekana leo, na familia inahangaika kutafuta kilichobadilika mwezi uliopita.

Dalili zake ni zipi?

Miguu huanza kabla ya kichwa, mara nyingi. Ganzi kwenye nyayo, kuchomachoma, kuhisi kama anatembea juu ya sufi, kuyumba gizani au anapofumba macho kunawa uso. Ulimi huwa mwekundu, laini, unauma akila pilipili. Uchovu, kupauka, mapigo ya moyo kwenda mbio akipanda ngazi. Upande wa akili: usahaulifu, fikra nzito, hasira zisizo za kawaida yake, huzuni, na kwa wachache kuona au kushuku visivyokuwepo, kama kudai kwamba mkwe anamwekea sumu.

Jambo linalowaponyoka hata watumishi wa afya: mishipa ya fahamu inaweza kuharibika huku damu ikiwa ya kutosha. Kauli ya "damu yake ni kumi na tatu, hana shida" haitoshi kuondoa upungufu wa B12.

Kwa mwenye kisukari, ganzi ya miguu husukumiwa kwenye sukari moja kwa moja. Inaweza kuwa sukari. Inaweza pia kuwa metformini iliyokula B12, au vyote viwili kwa pamoja.

Apimwe nini, na wapi?

Kipimo cha B12 kwenye damu hupatikana hospitali za rufaa, baadhi ya hospitali za mikoa na maabara binafsi za mijini. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka: mwenye dalili huwa anatibiwa, au anapimwa asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda B12 ikipungua, pale maabara inapoweza.

Kituo kisicho na kipimo hicho bado kinaweza kuwa na kipimo cha picha kamili ya damu. Chembe nyekundu zikiwa kubwa kuliko kawaida, yaani MCV zaidi ya 100, B12 au foliki ziko kwenye orodha ya washukiwa. Ila kuna mitego. Mzee aliyepungukiwa na madini ya chuma pia, chembe zake zinaweza kuonekana za kawaida, kwa kuwa upungufu mmoja unakuza na mwingine unadogosha. Anayetumia zidovudini kwa VVU au haidroksiyurea kwa selimundu atakuwa na chembe kubwa kwa sababu ya dawa. Pombe nayo inakuza.

Damu itolewe kabla ya sindano ya kwanza ya B12. Ukishachoma, kipimo kinapanda na hakikwambii tena mzee alikuwa wapi. Lakini kama mzee anayumba au amechanganyikiwa na majibu yatachukua wiki, damu itolewe, sindano ichomwe siku hiyo hiyo.

Kwa mzee anayesahau, B12 isipimwe peke yake. Mzunguko wa kawaida una picha kamili ya damu, sukari, figo na chumvi za damu, kalsiamu, tezi la shingo, VVU na kaswende. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kuvaa sura ya uzee.

Kama anameza biotini, ile inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, aiache angalau siku mbili kabla ya kupimwa na amwambie mtu wa maabara. Dozi kubwa za biotini huharibu majibu ya tezi na hata ya moyo.

Sindano au vidonge? Na kiasi gani?

Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku. Hiyo ni kwa mwenye tumbo zima. Kutibu upungufu ni hesabu nyingine.

Bila ile protini ya kubeba, takriban asilimia 1 ya dozi hupenya yenyewe kwenye ukuta wa utumbo. Mpe mikrogramu 1,000 kwa mdomo na takriban 10 zitaingia, ambazo zinamtosha. Kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 1,000 kila siku hufanya kazi hata kwa wengi ambao tumbo lao limechoka, na kuweka chini ya ulimi hakuna faida zaidi ya kumeza. Kidonge cha multivitamini chenye mikrogramu 6 au 10 hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Sindano hutangulia pale penye ganzi, kuyumba au kuchanganyikiwa, pale upungufu ni mkubwa, au pale ambapo hakuna wa kuhakikisha vidonge vinamezwa. Utaratibu unaotumika Uingereza kwa haidroksikobalamini, aina moja ya B12 ya sindano, ni miligramu 1 kwenye msuli mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili, kisha kila miezi miwili hadi mitatu. Mwenye dalili za mishipa ya fahamu huchomwa siku moja ndiyo siku moja hapana, hadi nafuu itakapokoma kuongezeka, kisha kila miezi miwili. Kwa sayanokobalamini, aina nyingine ya B12 ambayo hutoka mwilini haraka zaidi, sindano za kuendeleza huwa za kila mwezi. Aina iitwayo methilikobalamini inauzwa ghali na kusifiwa sana, lakini haijaonyeshwa kuwa inawazidi wenzake kwa mgonjwa wa kawaida.

Mahali mambo yanapoharibika ni hapa: mzee anachomwa sindano tatu, anachangamka, familia inasema amepona. Kama sababu ni tumbo lililokonda au metformini ambayo bado anaitumia, akiba itakwisha tena. Andika tarehe ya sindano inayofuata kwenye daftari la kliniki. Metformini usiisimamishe kwa uamuzi wa nyumbani, maana B12 inaongezwa huku sukari ikiendelea kutibiwa.

Mwenye upungufu mkubwa sana wa damu aanziwe hospitalini. Mwili ukianza ghafla kutengeneza chembe mpya, potasiamu ya damu inaweza kushuka, na moyo wa mzee hauvumilii hilo.

Nafuu inaonekana baada ya muda gani?

Hamu ya kula na uchangamfu huweza kurudi ndani ya siku chache. Chembe changa za damu hupanda ndani ya wiki moja hivi, na damu hukaa sawa baada ya wiki sita hadi nane. Ganzi inaenda polepole: wiki, miezi, hadi mwaka. Wiki za mwanzo kuchomachoma kunaweza hata kuongezeka kidogo.

Akili hutegemea ugonjwa ulikaa muda gani. Aliyetibiwa miezi michache baada ya dalili ana matumaini makubwa kuliko aliyekaa miaka miwili. Mzee mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, ambaye pia amekutwa na B12 kidogo atibiwe B12, damu na miguu vitamshukuru, lakini kumbukumbu iliyokwenda na Alzheimer haitarudi kwa sindano. Familia ielezwe hivyo kabla ya kuanza.

Duka la dawa wametupa foliki asidi ya kuongeza damu. Kuna ubaya?

Kuna hatari moja, na ni kubwa kuliko bei ya kidonge chenyewe. Foliki asidi ya miligramu 5, ile ya njano inayouzwa kwa rejareja, hurekebisha upungufu wa damu unaoletwa na B12 lakini haigusi mishipa ya fahamu. Damu inapanda, kila mtu anafurahi, na uti wa mgongo unaendelea kuharibika kimya kimya. Kwa mzee, dozi hiyo isianzishwe kabla ya kujua B12 ikoje. Pasipo kipimo, vianzishwe vyote viwili, B12 ikitangulia.

Anayepewa foliki kwa sababu maalumu, kama mwenye selimundu au anayetumia methotreksati, aendelee kama alivyoandikiwa.

Na vile vidonge vya mishipa vyenye B1, B6 na B12?

Geuza boksi usome kiasi cha B6. Vingi vina miligramu 100 au 200 kwa kidonge, na mzee ameambiwa ameze kimoja kutwa mara tatu. Mahitaji ya mtu mwenye zaidi ya miaka 50 hayafiki miligramu 2 kwa siku. Kiwango cha juu kinachokubalika Marekani ni miligramu 100. Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi 12.

B6 ikizidi kwa miezi au miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, yaani inaleta ganzi ile ile iliyompeleka mzee dukani. Ganzi ikizidi, anaongeza dozi. Mzee aliyetumia vidonge hivi kwa muda mrefu na miguu inazidi kuwa mibaya, avisimamishe na amweleze daktari. Kwa anayehitaji B12, B12 ya peke yake ndiyo dawa.

Vitamini D inaondoa huzuni?

Kwa mzee wa kawaida asiye na sonona, kuimeza hakumkingi. Utafiti wa Marekani uitwao VITAL ulifuatilia watu 18,353 wenye miaka 50 na zaidi kwa zaidi ya miaka mitano. Nusu walipewa yuniti 2,000 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Majibu yaliyotolewa mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti, si kwa idadi ya waliopata sonona wala kwa alama za hisia zao.

Hiyo haimaanishi vitamini D haina kazi. Upungufu wake mkubwa huleta maumivu ya mifupa na misuli ya mapaja kuishiwa nguvu, mzee anashindwa kunyanyuka kwenye kiti bila kushika kitu, anaogopa kuanguka, anajifungia. Ukimtibu mwili, unyonge nao unaweza kupungua. Wanaoshukiwa zaidi ni wasiotoka ndani, na hili haliangalii kama nje kuna jua: bibi wa mwambao anayeshinda chumbani na kutoka akiwa amejifunika mwili mzima anaweza kupungukiwa, na nchi za Ghuba zina upungufu mwingi pamoja na jua lao lote. Ngozi ya mzee pia hutengeneza kidogo kuliko ya kijana.

Kiasi kinachopendekezwa Marekani ni yuniti 600 kwa siku hadi miaka 70, na 800 baada ya hapo. Yuniti 40 ni mikrogramu 1, kwa hiyo kopo lenye 20 mcg na lenye 800 IU ni kitu kimoja. Bila daktari usivuke yuniti 4,000 kwa siku. Anywe pamoja na mlo wenye mafuta kidogo.

Kosa la kutisha ni vidonge vya yuniti 50,000. Hivyo ni vya mara moja kwa wiki, kwa wiki chache. Mtu akimeza kila siku, kalsiamu inapanda: kiu, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu, kisha kuchanganyikiwa. Yaani vitamini iliyonunuliwa kwa ajili ya akili imeivuruga akili. Wala dozi moja kubwa ya mwaka mzima si njia ya mkato. Wanawake wazee wa Australia waliopewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao wasiopewa.

Multivitamini ya kila siku inalinda kumbukumbu?

Hapa kuna habari njema ya kiasi. Mpango wa utafiti wa Marekani uitwao COSMOS uliwapa wazee multivitamini ya kawaida au kidonge kisicho na dawa. Katika tawi moja, lenye washiriki zaidi ya 2,200 wa miaka 65 na zaidi, waliomeza multivitamini kwa miaka mitatu walifanya vizuri kidogo kwenye majaribio ya akili. Tawi jingine, lenye zaidi ya 3,500, lilionyesha nafuu ya kumbukumbu baada ya mwaka mmoja. Watafiti wa tawi hilo la pili walikadiria faida hiyo kuwa sawa na kuchelewesha uzee wa kumbukumbu kwa miaka mitatu hivi.

Upande wa pili, madaktari wanaume karibu 6,000 wa Marekani walifuatiliwa miaka 12, na waliopewa multivitamini hawakupata faida yoyote ya akili. Hao walikuwa watu wanaokula vizuri, na huenda ndiyo sababu. Na hakuna utafiti kati ya hizi ulioonyesha kwamba multivitamini inazuia demensia, yaani magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili kama Alzheimer.

Kwa mzee anayekula kidogo, asiye na meno, anayepikiwa chakula kile kile kila siku, kidonge kimoja cha kawaida ni uamuzi wa busara. Kimoja. Kukiongezea kopo la B, la D na la "ubongo" ni kurudia vitu vile vile, na vipimo vinajumlishwa tumboni hata kama majina ya makopo ni tofauti. Mkojo kuwa wa njano kali ni B2 inayotoka, usiwe na wasiwasi nao.

Mafuta ya samaki na vitamini E je?

Mafuta ya samaki: VITAL ile ile iliyapima kwa kuzuia sonona, ikakuta hayazuii, na waliopewa walipata sonona zaidi kidogo. Kula samaki, acha kopo.

Vitamini E ya dozi kubwa haijazuia demensia, huongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na kwa wanaume yuniti 400 kwa siku ziliongeza saratani ya tezi dume. Kwa waliokwisha kuwa na Alzheimer, utafiti mmoja wa wastaafu wa jeshi la Marekani ulionyesha kwamba yuniti 2,000 zilichelewesha kidogo kushindwa shughuli za kila siku. Huo ni uamuzi wa daktari, si wa muuza duka.

Mzee anakunywa gongo na hali chakula. Tumpe nini?

B1, na haraka. Upungufu wake wa ghafla huleta kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kuona viwili, na kuyumba hata akiwa hajalewa. Dalili zote tatu hazilazimiki kuwepo. Moja kwa mnywaji asiyekula inatosha kumpeleka hospitali. Pale B1 hutolewa kwa mshipa kwa dozi kubwa. Mwambie anayempokea kwamba ni mnywaji na hajala siku kadhaa, kwa sababu dripu ya glukosi ikitangulia B1 inaweza kumaliza kile kidogo kilichobaki na kumzidishia hali. Akichelewa, kumbukumbu huharibika moja kwa moja: anabaki akitunga majibu ya mambo ambayo hayakutokea, naye mwenyewe anayaamini.

Na asikatishwe pombe ghafla nyumbani kama anakunywa kila siku. Kutetemeka na degedege za kuacha pombe zinaua.

Anakula ugali na mboga tu. Kuna tatizo la akili linalotokana na hilo?

Lipo, linaitwa pelagra, upungufu wa B3. Mahindi yana B3 iliyofungwa isiyofyonzwa vizuri. Ngozi iliyo wazi kwenye jua huwa nyeusi na kukauka kama imeungua, mikononi, miguuni na kwa mfano wa mkufu shingoni, kuhara kunafuata, kisha usingizi unapotea, huzuni, kuchanganyikiwa. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990 walipatwa na mlipuko mkubwa baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Karanga, samaki, nyama na maharage ndiyo kinga. Tiba ni nikotinamidi miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa, kwa wiki tatu hadi nne, na akili huanza kutulia ndani ya siku chache.

Mzee anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu apewe B6 pamoja nayo, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku. Akipata ngozi ile au kuchanganyikiwa, kliniki ijulishwe.

Chakula kinaweza kutosha bila vidonge?

Kwa mwenye tumbo zuri, ndiyo. Ini la ng'ombe, kipande cha gramu 85, lina B12 ya zaidi ya wiki tatu. Dagaa, samaki wengine, nyama, maziwa na mayai vinayo pia, ingawa yai moja lina takriban nusu mikrogramu tu. Mimea haina. Unga wa mlonge, ambao siku hizi unatibu kila kitu kwenye mitandao, una sifa zake lakini B12 si mojawapo. Foliki iko kwenye mchicha, kunde na maharage, na hupotea mboga ikichemshwa sana na maji yakamwagwa.

Unga wa viwandani wa ngano na mahindi kisheria unaongezwa virutubishi, Tanzania tangu 2011 na Kenya tangu 2012, foliki na B12 zikiwemo. Unga wa mashine ya kusaga ya mtaani kwa kawaida hauna. B12 ya kuongezwa haijashikana na protini, kwa hiyo hata tumbo lenye asidi kidogo linaipata.

Kwa asiye na meno, dagaa wasagwe wawekwe kwenye mchuzi au uji wa chumvi, ini lipondwe, na karanga ziwe za kusaga.

Vidonge hivi vinagombana na dawa zake?

Multivitamini yenye kalsiamu, chuma au zinki hushikana na dawa nyingine tumboni. Dolutegraviri ya VVU imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada yake. Kwa kalsiamu na chuma, vinaweza kumezwa pamoja mradi ni pamoja na mlo. Levothairoksini ya tezi ikae saa 4 mbali. Antibiotiki za siprofloksasini na doksisaiklini zimezwe saa 2 kabla. Anayetumia wafarini asianze wala kuacha kitu chenye vitamini K bila kupimwa jinsi damu yake inavyoganda. Mvutaji sigara aepuke beta-karotini, imeongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji.

Siku ya kliniki beba makopo yote kwenye mfuko, hata ya mitishamba. Orodha ya kichwani husahau lile la muhimu.

Dripu ya vitamini inaongeza nguvu haraka?

Maji yanampa uchangamfu kwa saa chache kama alikuwa na kiu. Vitamini zilizozidi anazikojoa. Kwa mwenye moyo au figo dhaifu, chupa mbili za haraka zinaweza kumjaza maji mapafuni.

Anatumia dawa ya sonona. Akianza vitamini aache?

Asiache. Kuna utafiti wa Australia wa watu wa miaka 50 na zaidi waliopewa sitalopramu, dawa ya sonona, pamoja na foliki, B6 na B12. Vitamini hazikuongeza waliopona kwenye wiki 12 za mwanzo, ila kwa mwaka mzima zilisaidia nafuu idumu. Zilikuwa nyongeza juu ya dawa.

Kama bado hajapimwa sonona, aulizwe. Mzee wetu mara chache husema "nina huzuni". Husema mwili hauna nguvu, kifua kinabana, usingizi umekimbia saa tisa usiku. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina tafsiri ya Kiswahili na huchukua dakika chache. Akisema afadhali Mungu angemchukua, usimkatize kwa mawaidha: muulize kama amewahi kufikiria kujidhuru, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali.

Jana alikuwa mzima, leo hatujui. Tumpe B12?

Hapana, mpelekeni hospitali leo. Upungufu wa B12 huja kwa miezi. Kubadilika ndani ya saa au siku kunatokana na sukari kushuka, malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, mkojo kuziba, kiharusi, upungufu wa maji, au dawa mpya, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu) na dawa za usingizi zikiwa za mbele. Mwenye kisukari apimwe sukari hapo hapo nyumbani kama kuna mashine. Ikiwa chini na anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari kabla ya safari.

Mzee anaishi Ulaya na watoto. Afuate dozi zipi?

Uingereza inashauri kila mtu anywe mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira ya vuli na baridi, na kwa mwenye ngozi nyeusi, asiyetoka nje au anayejifunika, mwaka mzima. B12 na mengine hayabadiliki kwa kuvuka bahari. Akija likizo, aje na barua ya daktari yenye jina la sindano, kiasi na tarehe ya mwisho aliyochomwa, ili kituo cha afya cha huku kiendelee pale walipoishia.